Rangi Inayobanduka Haiponi kwa Rangi

Katika nyumba nyingi za Kigoma na Ujiji mti ungali unafanya kazi ambayo saruji na bati havijaichukua yote. Iko milango ya paneli, yako madirisha ya mbao, ziko dari za mbao, na katika baadhi ya nyumba za zamani zimo mbao zilizopigiliwa ukutani kutoka sakafuni hadi kimo cha kiuno. Aghalabu vitu hivi vimepakwa rangi, na aghalabu rangi hiyo inabanduka. Mwenye nyumba akiona magamba yanadondoka hununua kopo la rangi, humwita fundi, na baada ya siku mbili nyumba hurudi kung'aa. Masika yakipita, magamba huonekana tena, na safari hii huwa mazito zaidi kwa sababu yamebeba rangi ya zamani na rangi mpya pamoja.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kupaka rangi mpya juu ya rangi inayobanduka ni kuficha maradhi. Rangi haibanduki kwa sababu ya uzee peke yake. Hubanduka kwa sababu kuna kitu kinachoisukuma au kinachoikosesha mshiko, na mara nyingi kitu hicho ni maji. Asiyetafuta maji yanakotoka atanunua rangi maisha yake yote. Zaidi ya hasara ya fedha iko hatari nyingine, nayo huwaelekea watoto: rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu ya ubongo. Kwa hiyo jambo hili linaloonekana dogo lastahili kufundishwa shuleni, tena kabla mwanafunzi hajakabidhiwa msasa.

Rangi ni ngozi, si pambo

Watu wengi huihesabu rangi kuwa ni pambo. Kwa mti, rangi ni ngozi. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia maji, jua na hewa visiufikie mti kwa ghafla. Mfano mzuri wa ngozi ya namna hii umo katika historia ya Ziwa Tanganyika lenyewe. Meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande na kuteremshwa majini Kigoma mwaka 1915, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 walipokuwa wakirudi nyuma vitani. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Meli iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Grisi ile haikuwa na uzuri wowote wa kutazamwa. Kazi yake ilikuwa kuzuia maji na oksijeni visigusane na chuma, na kazi hiyo ikafanyika chini ya maji kwa miaka kadhaa.

Hata hivyo mlango wa nyumba hauwezi kupakwa grisi, maana grisi haikauki. Ngozi ya mti lazima ianze ikiwa majimaji ili ipenye katika vinyweleo vya ubao, kisha igeuke kuwa utando mgumu. Hapa mkazi wa Kigoma anayo maabara mlangoni pake, kwa sababu nchi yake ni nchi ya mawese. Mafuta ya mawese yakipakwa juu ya kioo leo, baada ya mwezi mzima yatakuwa yangali yakiteleza. Mafuta ya kitani yakipakwa juu ya kioo kingine yataanza kushikana baada ya siku kadhaa, na mwishowe yatakuwa utando ambao hautoki kwa kufutwa na kitambaa. Yote mawili ni mafuta ya mimea. Tofauti yao ni nini?

Tofauti imo katika umbo la molekuli. Mafuta ya kitani yana vifungo maradufu vingi baina ya atomu za kaboni. Oksijeni ya hewani hushambulia sehemu za jirani na vifungo hivyo, na molekuli moja hufungamana na nyingine mpaka zote zikawa kama wavu mmoja. Mawese yana vifungo hivyo vichache. Wanakemia hupima jambo hili kwa namba ya iodini, yaani gramu za iodini zinazomezwa na gramu 100 za mafuta. Namba ya mawese ni kama 50 hivi, na namba ya kitani aghalabu huzidi 170. Rangi ya mafuta inayouzwa siku hizi hutumia zaidi utomvu uliotengenezwa viwandani uitwao alkidi, lakini kanuni ya kukauka ni ileile: rangi humeza oksijeni. Ndiyo sababu kopo lililoachwa wazi hufanya utando juu.

Elimu hii ina faida mbili nyumbani. Kwanza, mlango wa jikoni uliozoea mikono yenye mawese na moshi wa kaango una tabaka la mafuta yasiyokauka. Rangi mpya ikipakwa juu yake hukaa kama mtu aliyesimama juu ya utelezi. Pili, mafuta yakikutana na magadi makali huwa sabuni; wapikaji wa sabuni ya mawese mkoani Kigoma wanalijua hilo vizuri. Lipu mpya ya saruji, ikiwa bado mbichi, ina ukali wa namna hiyohiyo. Ubao uliopakwa rangi ya mafuta ukibanwa kwenye lipu isiyokauka, rangi iliyoigusa lipu hulainika na kuachia. Fundi atailaumu rangi, na mwenye duka atamlaumu fundi; kumbe ni kemia ya sabuni.

Mti haukomi kunywa

Mti uliokatwa haukomi kunywa maji na kuyatoa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, ubao huvuta maji na kutanuka. Hewa ikikauka, ubao hutoa maji na kusinyaa. Hakuna msumari wala gundi inayoweza kuuzuia kabisa. Ubao uliokaa muda mrefu katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huwa na maji yapatayo asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Katika hewa ya asilimia 80 maji hayo hufika kama asilimia 16.

Mwanafunzi na apige hesabu. Ubao wa msonobari uliokatwa kwa kufuata mzunguko wa miaka ya mti husinyaa kwa kadiri ya asilimia 8 unapotoka kwenye ubichi, wenye maji yapatayo asilimia 28, hadi ukavu kamili. Hiyo ni karibu asilimia 0.28 kwa kila asilimia moja ya maji. Chumba kikiwa na unyevu wa asilimia 50 wakati wa kiangazi na asilimia 80 wakati wa mvua, badiliko la maji ubaoni ni 7. Ubao wenye upana wa milimita 200 utatanuka na kusinyaa kwa karibu milimita 4. Mninga, ambao ni mti wa misitu ya miombo na unapatikana magharibi ya Tanzania, hutembea kwa chini ya nusu ya hapo. Hiyo ni sababu mojawapo ya maseremala kuupenda. Lakini hata mninga hutembea.

Maseremala wa zamani walilijua jambo hili bila ya kulipigia hesabu. Katika mlango wa paneli, ubao wa kati huingizwa ndani ya mfereji wa fremu pasipo gundi wala misumari, ili upate nafasi ya kutanuka. Kiangazi mtu huweza kuona mstari mwembamba wa mti usio na rangi pembezoni mwa paneli. Si kasoro, ni mlango unaofanya kazi kama ulivyokusudiwa. Fundi asiyejua huujaza mfereji huo kwa puti ngumu. Masika yanapofika paneli hukosa pa kwenda, nayo hupinda, hupasuka, au huipasua rangi yake.

Njia kubwa ya maji kuingia ni ncha ya ubao. Nyuzi za mti ni mabomba yaliyolala kwa urefu wake, na ncha ni midomo ya mabomba hayo. Maji huingia kwa kasi kubwa zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni. Sasa na itazamwe desturi ya kudeki. Kila asubuhi maji humwagwa sakafuni, na kila asubuhi ncha za chini za milango na za mbao za ukutani hunywa. Ni nadra kwa ukingo wa chini wa mlango kupakwa rangi, kwa kuwa hauonekani. Ubao hunywa chini, maji hupanda, jua huupiga uso, mvuke hutafuta njia ya kutoka, nayo rangi ya mbele husukumwa mpaka ikaachia. Katika nyumba zilizo karibu na ufuko hali huzidi ziwa linapojaa, kama ilivyotokea miaka ya 2020 na 2021, kwa kuwa ardhi hulowa na ukuta hupandisha maji kama utambi wa taa. Mbao zilizopigiliwa kwenye ukuta wa namna hiyo hunywa kwa mgongo, na mgongo wa mbao za ukutani kwa kawaida haukupakwa kitu.

Kusoma magamba

Rangi inayobanduka ni maandishi, na maandishi hayo husomeka. Mwenye nyumba ayasome kabla ya kwenda dukani.

Malengelenge yaliyojaa hewa, ambayo yakipasuliwa yanaonyesha mti mtupu ndani, ni dalili ya maji yanayotoka nyuma au chini. Magamba yanayotoka pamoja na tabaka zote hadi kwenye ubao, hasa karibu na sakafu au chini ya paa, yana maana hiyohiyo. Tabaka la juu likitoka peke yake na kuacha rangi ya zamani iking'aa chini yake, kosa ni la kupaka juu ya mafuta, masizi au uso laini usiopigwa msasa. Nyufa zinazofanana na ngozi ya mamba zaonyesha kwamba tabaka zimekuwa nyingi na nene mno, hata haziwezi tena kufuatana na mti unapotembea. Rangi inayoacha unga kidoleni, upande wa nje wa madirisha, imeliwa na jua. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini ya Ikweta, na ufuko wake uko zaidi ya mita 760 juu ya usawa wa bahari, hivyo jua lake halina huruma. Mti ulio chini ya rangi ukibonyea kwa ncha ya kisu, maradhi yamekwisha kupita rangi: ni kuvu, bungua au mchwa, na dawa yake ni seremala kwanza, fundi rangi baadaye.

Dalili moja tu kati ya hizi, ile ya unga wa jua, ndiyo inayoweza kutibiwa kwa kusafisha na kupaka upya tu. Nyingine zote hudai kazi fulani kabla ya brashi. Huo ndio msingi wa hoja inayotolewa hapa.

Sumu iliyomo katika vumbi

Kwa karne nyingi madini ya risasi yalitumika katika rangi. Kaboneti ya risasi ilitoa weupe mzuri, kromati yake ilitoa manjano, na misombo mingine ya risasi iliharakisha kukauka kwa mafuta. Rangi hizo zilikuwa imara, na hapo ndipo ulipo msiba: zingali ziko ukutani.

Onyo lilitolewa mapema, tena kutoka nchi ya jua kali. Mwaka 1904 J. Lockhart Gibson, daktari wa Brisbane, Australia, alieleza kwamba watoto wa Queensland waliokuwa wakiugua walipata sumu ya risasi kutokana na rangi ya kuta za vyumba na ya reli za baraza. Rangi iligeuka unga, unga ukashika vidole, vidole vikaingia vinywani. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba, mjini Geneva, wa kuzuia matumizi ya rangi nyeupe ya risasi katika kupaka ndani ya majengo. Marekani haikupiga marufuku rangi ya risasi majumbani mpaka mwaka 1978. Leo kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja za rangi, nacho kimeingizwa katika viwango vya rangi vya Afrika Mashariki. Lakini sheria mpya haikwangui rangi ya zamani. Mlango uliopakwa miaka 50 iliyopita haukusomewa sheria hiyo.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile alichomeza. Madhara yake katika ubongo unaokua ni kupungua kwa akili na kwa uwezo wa kutulia na kusikiliza, na madhara hayo hayarudishwi nyuma. Mwanafunzi apige hesabu tena. Gamba la rangi lenye uzito wa gramu 1, ikiwa lina risasi ya asilimia 1 tu, lina mikrogramu 10,000 za risasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 wataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mara damu ya mtoto inapofika mikrogramu 5 kwa desilita. Mtoto mwenye desilita 15 za damu hufika hapo akiwa na mikrogramu 75 tu katika damu yake yote. Si gamba lote litakalofyonzwa, lakini tofauti ya 75 na 10,000 yajieleza yenyewe.

Kutokana na hayo zafuata kanuni chache ambazo hazina mjadala. Rangi ya zamani isiyopimwa ihesabiwe kuwa ina risasi. Isipigwe msasa ikiwa kavu, kwa kuwa vumbi laini huelea hewani kwa saa nyingi, na kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii. Isiunguzwe kwa moto wa gesi wala taa ya petroli, kwa kuwa joto kali huigeuza risasi kuwa mvuke. Na mbao za zamani zenye rangi zisifanywe kuni. Kanuni hii ya mwisho yahitaji kurudiwa nyumba kwa nyumba, maana mlango uliong'olewa huonekana kuwa ni kuni za bure. Moshi wake huingia mapafuni mwa mpishi, na majivu yake humwagwa bustanini penye mchicha.

Shule nazo zina jambo la kusahihisha. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, wanafunzi wa Tanzania wamezoeshwa kutunza shule zao kwa mikono yao. Desturi hiyo ni njema na haifai kuachwa. Lakini kukwangua rangi ya zamani madarasani si kazi ya mwanafunzi, kama vile kupanda nguzo ya umeme si kazi yake. Mwanafunzi apake rangi mpya iliyo salama. Kukwangua kuwe kwa mtu mzima aliyefundishwa, na watoto wote wawe mbali.

Pingamizi mbili

Wako watakaosema kwamba njia rahisi ni kung'oa mbao zote na kuweka jipsamu, plastiki, alumini au mlango wa chuma. Penye kuvu na mchwa hoja hiyo ina nguvu, na kipande kilichooza hakina heshima ya kubakizwa. Lakini mbao nyingi zilizobanduka rangi ni nzima kabisa ndani. Nyumba nyingi za zamani zilitumia mninga au mvule uliokua kwa miaka mingi sana, na mti wa namna hiyo siku hizi hupatikana kwa shida na kwa bei kubwa. Kuutupa kwa sababu ya rangi ni kama kumtupa ng'ombe kwa sababu ya kupe. Isitoshe, jipsamu haipendi maji kuliko mti usivyoyapenda. Paa linalovuja litaiharibu mapema zaidi. Na kuling'oa pambo la zamani kwa nyundo na mtaimbo huamsha vumbi lilelile lililokuwa likiogopwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la fedha. Fundi rangi aghalabu hulipwa kwa kazi nzima, na mwenye nyumba huilipia rangi inayoonekana. Kukwangua, kuosha na kungoja mti ukauke havionekani, kwa hiyo havilipwi. Na kisicholipwa hakifanywi. Si haki kumlaumu fundi peke yake. Mwenye nyumba anayetaka kazi idumu ayataje maandalizi katika mapatano na ayalipie peke yake, kabla ya rangi. Atakuta kwamba gharama ya mwanzo imepanda. Atakuta pia kwamba hakununua kopo jingine masika yaliyofuata. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa kuziba kwanza ni ule wa kwenye paa, si ule wa kwenye rangi.

Utaratibu unaofaa

Kazi ianze kwa wakati wake. Katika ufuko wa Kigoma miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu, na mti huwa umetoa maji yake. Desturi ya kupaka nyumba kwa ajili ya sikukuu za mwisho wa mwaka huiweka kazi katikati ya mvua, wakati ambapo ubao umeshiba. Rangi huyafungia maji ndani, na jua la kwanza huyatoa kwa nguvu. Nyumba ipakwe Agosti, ingojee Desemba ikiwa tayari.

Kwanza maji yakatwe: bati linalovuja litengenezwe, mfereji wa paa uzibuliwe, udongo uliopanda ukutani uondolewe, na ukuta uachwe ukauke. Pili chumba kiondolewe vyombo, sakafu itandikwe nailoni, na watoto na wajawazito wahamishwe. Tatu rangi iliyolegea ilowanishwe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha ikwanguliwe ingali na unyevu. Kingo za rangi iliyoshika zilainishwe kwa msasa wa maji. Rangi iliyoshika vizuri si lazima iondolewe yote, isipokuwa pale ilipokwisha kuwa ngozi ya mamba. Nne magamba yote yakusanywe pamoja na nailoni yake, yafungwe na kuzikwa mbali na kisima na bustani. Yasichomwe wala kutupwa ziwani, maana ziwa ndilo bomba la mji. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiwe. Fundi aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto wake.

Tano ubao uoshwe mafuta na masizi, kisha uachwe ukauke kwa siku kadhaa. Sita matundu ya misumari yajazwe puti, lakini mfereji wa paneli uachwe huru. Saba mti mtupu upakwe rangi ya msingi, na hapa ndipo penye siri ya kazi yote: ncha za mbao, ukingo wa chini wa mlango, na mgongo wa kila ubao uliobanduliwa ukutani vipakwe kwanza kabla ya uso. Ubao uliopakwa upande mmoja tu hunywa kwa upande mwingine na kupinda. Nane zifuate tabaka mbili nyembamba za rangi yenyewe, kila moja ikipewa muda wake wa kukauka. Tabaka moja nene hukauka juu na kubaki bichi ndani. Kwa mbao za ndani rangi ya maji ya aina ya akriliki yafaa sana, kwa kuwa hubaki na ulaini wa kufuatana na mti na huruhusu mvuke kidogo kupita. Lakini ikipakwa juu ya rangi ya mafuta inayong'aa bila kuipiga msasa wa maji, itatoka kama ganda la ndizi.

Kazi ya shule

Yote haya yaweza kuthibitishwa kwa vifaa vya shule yoyote ya sekondari. Vikatwe vipande 3 vya ubao mmoja: cha kwanza kiachwe kitupu, cha pili kipakwe rangi usoni tu, cha tatu kipakwe pande zote pamoja na ncha. Vipimwe uzito, visimamishwe katika maji ya kimo cha kidole kimoja, na vipimwe tena kila siku kwa juma moja. Darasa litaona kwa mizani yake kwamba kipande cha pili hakikukaa mbali sana na cha kwanza. Upana wa mlango wa darasa upimwe kwa rula ya milimita kila mwisho wa mwezi, kuanzia Julai hadi Machi, na michoro yake ibandikwe ukutani karibu na mchoro wa mvua. Mafuta ya mawese na ya kitani yawekwe juu ya vioo viwili dirishani. Majaribio hayo hayahitaji rangi ya zamani hata gamba moja, wala haifai itumiwe.

Mwanafunzi aliyeyafanya atarudi nyumbani na swali ambalo wazazi wake huenda hawakuwahi kuulizwa na muuza rangi: maji haya yanatoka wapi? Swali hilo halina gharama, na nyumba inayoliuliza kila Juni itakuwa na milango mizima, na watoto ambao vidole vyao havikuramba sumu.